Kisima Nacho Chahitaji Mlinzi

Askari aliyewahi kukaa zamu katika kituo cha mpakani anajua kwamba siku ya kituo huanzia kisimani. Kabla ya gwaride na kabla ya chai, ndoo hutangulia. Maji yanapopatikana hakuna anayekitaja kisima. Yanapokosekana, shughuli zote za kituo hugeuka: gari lililopangiwa doria hupakia madumu, askari wawili au watatu huondolewa katika kazi zao kwenda kutafuta maji, na familia zinazoishi katika nyumba za askari huanza kuchota katika dimbwi lililo karibu, zikiomba yasiwe na maradhi.

La kusikitisha ni kwamba mara nyingi maji yenyewe hayakwenda popote. Yamo ardhini, mita chache chini ya miguu ya wale wanaohangaika kuyatafuta. Kilichokosekana ni kipande cha mpira kilicholika, au bomba lililotoboka, au mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuvitazama vitu hivyo kabla havijaharibika. Inakadiriwa kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, pampu ya mkono 1 katika kila 4 huwa haifanyi kazi kwa wakati wowote ule. Nchi tatu zinazopakana na Tanzania, yaani Kenya, Uganda na Malawi, kila moja imepata somo lake kuhusu visima, na baadhi ya masomo hayo yamepatikana kwa gharama kubwa. Masomo hayo yakiwekwa pamoja yanamfaa kila mwenye kisima, kiwe cha nyumbani, cha kijiji au cha kambi.

Somo la kwanza linatoka Kenya. Anayevuka mpaka pale Horohoro na kuingia Lunga Lunga huwa amekwisha kufika Kwale, katika pwani ya kusini ya nchi hiyo. Huko ndiko ilikofanyiwa majaribio, katika miaka ya 1980, pampu ya mkono iitwayo Afridev. Ulikuwa wakati wa Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi wa Mazingira, ulioanza mwaka 1981. Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walikuwa wakizijaribu pampu za namna nyingi, na jambo moja lilidhihirika mapema. Pampu nyingi zilikuwa imara, lakini zilipoharibika zilimhitaji fundi wa wilaya, gari la wilaya na vyuma vizito vya kunyanyulia mabomba. Fundi akichelewa mwezi, kijiji nacho kilikaa mwezi bila maji.

Kwa hiyo Afridev, ambayo iliendelezwa Kenya na Malawi, ilibuniwa kwa kuanzia kwa yule atakayeitengeneza. Bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki ngumu, nalo lina upana wa kutosha kiasi kwamba pistoni na vali ya chini huweza kuvutwa juu kupitia ndani yake, pasipo kulitoa bomba lenyewe kisimani. Fimbo zake huunganishwa na kuachanishwa kwa mikono. Kichwa cha pampu hufunguliwa kwa spana moja tu. Inaweza kuvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45. Huko Kwale, shirika la KWAHO liliwahimiza wanavijiji waunde kamati za maji, na wanawake, ambao ndio wachotaji, walifundishwa kuzitunza na kuzitengeneza pampu. Kamati zilikusanya fedha na kuziweka akiba kwa ajili ya vipuri. Pampu nyingi zilizowekwa Kwale wakati huo zilikuwa bado zinatoa maji baada ya robo karne.

Mtunzaji wa pampu ya namna hiyo hahitaji elimu kubwa. Anahitaji kuwa makini na kujua kila dalili ina maana gani. Pampu inapokuwa mpya, na ahesabu mpini umeshushwa mara ngapi mpaka ndoo ya lita 20 ijae, kisha aiandike hesabu hiyo. Hicho ndicho kipimo cha kisima chake. Kila mwezi na arudie kuhesabu. Ndoo ikihitaji mipigo mingi zaidi kuliko zamani, wakati mpini unakwenda kama kawaida, mpira wa pistoni umeanza kulika na maji yanapenya pembeni yake. Mpira huo ni kitu cha bei ndogo, na ni desturi nzuri kuubadilisha kila mwaka pamoja na mipira ya vali, bila kungoja pampu ikatae.

Dalili ya pili huonekana asubuhi. Pampu iliyolala usiku kucha ikianza kutoa maji baada ya mipigo michache tu, ni nzima. Ikipigwa muda mrefu ndipo maji yatokeze, halafu ikaendelea vizuri, maana yake ni kwamba maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba yalishuka usiku. Huenda vali ya chini haifungi, pengine kwa sababu ya mchanga au mpira uliochakaa, au huenda bomba lina ufa katika maungio. Vali ndiyo ichunguzwe kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuifikia.

Dalili ya tatu ni mpini wenyewe. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na maji yasitoke hata tone, fimbo zimeachana au moja imekatika. Mpini ukiwa mzito au ukikwaruza, huenda fimbo zinasugua bomba au mchanga umeingia katika silinda. Mpini ukiyumba kulia na kushoto, bushi zimelika. Na bushi zisipobadilishwa, chuma kitasugua chuma, na kifaa cha bei ndogo kitaharibu kifaa cha bei kubwa. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini hata fundi hodari hatengenezi pampu ambayo hajaambiwa kuwa imeharibika. Hilo nalo lilidhihirika Kenya. Mwaka 2013, katika eneo la Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mipini ya pampu kifaa kidogo kinachohesabu mwendo wa mpini na kupeleka habari kwa njia ya simu ya mkononi. Mpini uliponyamaza, fundi alijua. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa, kwa wastani, siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo muda huo ulishuka ukawa chini ya siku 3. Pampu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba taarifa ilifika mapema na palikuwa na mtu aliyewajibika kuifanyia kazi. Kwa askari hilo si jambo geni: lindo lisilotoa taarifa halina tofauti na lindo lisilokuwepo.

Somo la pili linapatikana kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Mutukula, nchini Uganda. Huko tatizo lilitoka katika maji yenyewe. Pampu iliyoenea sana Uganda ni ile iliyotokana na pampu ya India iitwayo India Mark II, na kwa miaka mingi mabomba yake yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Sasa, katika sehemu nyingi za nchi hiyo maji ya ardhini yana uchachu. Wataalamu hupima uchachu wa maji kwa kipimo kiitwacho pH. Maji yasiyoelemea upande wowote yana pH 7, na yanaposhuka chini ya 6.5 huanza kuitafuna zinki haraka. Zinki ikiisha, chuma hubaki uchi, nacho huota kutu. Wanawake waliona maji mekundu, wakaona nguo nyeupe zikigeuka rangi na chai ikiwa nyeusi, wakarudi kwenye mito na madimbwi. Hivyo kisima kiliachwa ingawa kilikuwa na maji tele. Katika visima vingine mabomba yalitoboka, na hata kukatika na kutumbukia chini. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba hayo ya chuma kilichopakwa zinki.

Kuna njia nyepesi ya kutambua kama wekundu wa maji unatoka kwenye mabomba au unatoka ardhini. Asubuhi, kabla mtu hajachota, chupa nyeupe ijazwe maji ya kwanza. Kisha pampu ipigwe kwa muda mrefu, mpaka maji yote yaliyolala ndani ya bomba yatoke na mengine mapya yaingie, na chupa ya pili ijazwe. Zote mbili ziachwe zitulie. Chupa ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili ikiwa safi, kosa ni la mabomba, na dawa yake ni kuyabadilisha kwa mabomba ya plastiki ngumu au ya chuma kisichoota kutu ambacho ubora wake umethibitishwa. Chupa zote mbili zikiwa nyekundu, madini ya chuma yamo katika maji ya ardhi ile, na kubadilisha mabomba kutakuwa ni kutupa fedha. Hapo panahitajika chujio la kuondoa madini hayo, au kisima mahali pengine. Jaribio hilo la chupa mbili halina gharama, lakini huweza kuokoa gharama ya pampu nzima.

Si kila nyumba wala kila kambi hutumia pampu ya mkono. Nyingi zina pampu ya umeme iliyozamishwa ndani ya kisima kirefu, ikipandisha maji katika tangi la juu. Hapo napo uchunguzi huanzia kwa jambo jepesi. Pampu isipowaka, kwanza itazamwe kama umeme umefika, kama swichi kuu imejikata, na kama boya la tangi halikukwama likadanganya kwamba tangi limejaa. Pampu ikiwaka na maji yasifike juu, huenda kina cha maji kimeshuka chini ya pampu, au bomba linavuja, au vali ya kuzuia maji yasirudi imeharibika. Pampu inayonguruma bila kutoa maji na izimwe mara moja, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza, na ikikosa maji itaungua. Swichi inayojikata tena na tena isilazimishwe. Inatoa onyo, na anayestahili kuitwa ni fundi wa umeme. Wala mtu yeyote asiguse nyaya kabla ya kuzima umeme wote wa pampu, ukiwa wa gridi au wa jenereta.

Somo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, linatoka kusini, ng'ambo ya mto Songwe. Mnamo Machi 2022, baada ya dhoruba na mafuriko ya mwanzo wa mwaka huo, ugonjwa wa kipindupindu ulizuka Malawi, katika wilaya ya Machinga. Ulienea mpaka ukazifikia wilaya zote za nchi hiyo, na Machi 2023, kabla haujaisha, kimbunga Freddy kikaleta mafuriko mengine. Watu zaidi ya 58,000 waliugua, na zaidi ya 1,700 walifariki dunia. Ulikuwa ndio mlipuko wa kipindupindu ulioua watu wengi zaidi katika historia ya Malawi. Haukuletwa na visima peke yake, kwa maana kipindupindu hupita katika kila njia ambamo kinyesi hukutana na kinywa. Lakini mafuriko yana desturi moja mbaya: hubeba uchafu wa vyoo na kuumimina katika visima, na kisima kilichochafuliwa hivyo huweza kutoa maji meupe, yasiyo na harufu, yenye mauti ndani yake.

Kwa hiyo mwenye kisima hana budi kukitazama kwa juu kama anavyokitazama kwa ndani. Je, ukingo umeinuka vya kutosha kuzuia maji ya mvua yasiingie? Sakafu ya zege inayokizunguka ina ufa? Mfereji wa kutolea maji yaliyomwagika uko wazi, au pamekuwa na tope ambamo ng'ombe husimama? Choo kilicho karibu kiko umbali gani? Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba choo kisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Kamba na ndoo za watu mbalimbali zinaingia kisimani, au kuna ndoo moja inayotundikwa mahali safi? Maswali hayo huchukua robo saa kuyajibu, na mtu wa kuyajibu ni yule yule anayehesabu mipigo ya mpini.

Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kisinywewe mpaka kisafishwe na kutiwa dawa. Kwanza maji machafu na matope yatolewe na ufa uzibwe. Maji yakirudi, ipimwe kiasi chake. Kwa mfano, kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina karibu lita 2,350. Kila lita 1,000 zahitaji si chini ya gramu 50 za klorini. Unga wa klorini unaotumiwa sana huwa na nguvu ya asilimia 70 hivi, kwa hiyo kisima hicho kitahitaji karibu gramu 170 za unga. Unga ukorogwe kwanza ndani ya ndoo ya maji, mahali penye hewa, mkorogaji akivaa glavu. Unga ndio utiwe katika maji, wala si maji katika unga, na usichanganywe kamwe na dawa nyingine. Maji hayo yamiminwe kisimani na kusambazwa, pampu ipigwe mpaka harufu ya klorini isikike mdomoni mwa bomba, kisha kisima kifungwe usiku kucha pasipo kutumiwa. Kesho yake maji yatolewe mpaka harufu kali iishe, yakimwagwa mbali na mabwawa ya samaki na mahali pa kunyweshea mifugo. Hata hivyo, ieleweke kwamba klorini huua uchafu uliopo, haiuzuii ule utakaokuja. Kisima chenye sakafu iliyopasuka kitachafuka tena katika mvua ifuatayo. Mpaka kitakapopimwa na kuthibitishwa kuwa salama, maji ya kunywa yachemshwe.

Liko onyo moja ambalo polisi na wanajeshi wanastahili kulijua kuliko wengine, kwa sababu ndio wanaoitwa pindi mtu anapopotelea kisimani. Asishuke mtu katika kisima bila kuhakikisha hewa iliyomo. Hewa ya chini huweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na mtu huzimia kabla hajapiga kelele. Mwenzake humwona ameanguka, humfuata ili amwokoe, naye huanguka juu yake. Taa ya moto ikishushwa ikazimika, ni ishara kwamba hewa ni mbaya. Lakini ikiendelea kuwaka haithibitishi kwamba hewa ni njema. Injini ya petroli au dizeli ikitiwa kisimani, au ikiwashwa mdomoni mwake, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo taa haiwezi kuionyesha. Injini na ikae mbali, upande ambao upepo hautapeleka moshi wake kisimani. Anayeshuka na afungwe kamba ya kumvutia, iliyoshikwa na watu walio juu, hewa safi ikipulizwa chini wakati wote. Na ikiwa mtu amekwisha kuanguka ndani, ushujaa haupimwi kwa kumrukia. Mwokozi asiyekuwa na chombo cha kupumulia hubadili msiba mmoja kuwa misiba miwili.

Ukiyatazama mafunzo ya nchi hizo tatu, utaona kwamba yanakutana mahali pamoja. Kwale ilionyesha kwamba pampu hudumu pale anayeitumia anapoweza kuitengeneza. Uganda ilionyesha kwamba kifaa kisicholingana na maji ya mahali hugeuka kuwa adui wa kisima. Malawi ilionyesha gharama ya maji machafu, nayo haihesabiwi kwa fedha. Katika nchi zote tatu kasoro ilitanguliwa na dalili, na swali likawa ni nani aliyekuwa akizitazama.

Katika jeshi kila silaha ina namba, ina daftari, na ina mtu aliyeipokea kwa sahihi yake. Haingojwi vita ndipo isafishwe. Kisima cha kambi, cha kituo au cha nyumba ya askari chastahili heshima hiyo hiyo: daftari lenye tarehe ya kila ukaguzi, idadi ya mipigo ya kujaza ndoo, kina cha maji kilichopimwa kwa kamba wakati wa kiangazi na wakati wa masika, vipuri vilivyobadilishwa, na vile vilivyowekwa akiba. Zaidi ya yote, pawepo jina la mtu mmoja ambaye, askari wanapobadilishana vituo, hatakabidhi funguo za ghala peke yake, bali atamchukua mwenzake mpaka kisimani, amwonyeshe spana ilipo, na amhesabie mipigo ya mpini mpaka ndoo ijae.